Trompeti Nzito ya Mwalimu wa Fanfari

Mwalimu wetu wa fanfari hakuwekaka trompeti ku kiti. Ata mara moja. Kama anataka kukohoa, anamupa mutu aishike. Kama mutu hakuna, anakohoa akiikumbatia. Siku moja, mbele ya watu wote, nilimuuliza: "Mwalimu, hiyo trompeti bado unainyonyesha?"

Watu wakacheka, mupiga ngoma akaangusha fimbo. Mwalimu akaniangalia, akasema:

"Ndiyo, bado. Na weye ukiendelea kuchelewa repetisyo utalala njaa, juu maziwa haitoshe watoto wawili."

Njo vile alikuwa. Ukimurushia neno anaishika, anaipangusa, anakurudishia ikiwa safi kuliko vile uliitupa. Minye ni kinyozi hapa Kasenga, mutaa ya Uvira. Masomo yangu iliishia ku mwaka wa sita ya primeri, lakini mudomo yangu iliendelea peke yake mpaka iniversite. Watu wanakuja kwangu juu ya kucheka, nywele ni sababu tu. Kuko wenye walitoka na upande moja haijaisha, wakajua wakishafika kwao. Mu fanfari, ile bendi ya tarumbeta ya kanisa yetu, nilikuwa trompeti ya pili. Ya kwanza ilikuwa yeye. Miaka kumi na moja nilisimama ku mukono yake ya kushoto, nikichungulia vidole vyake sawa mutoto anachungulia kazi ya jirani ku mutihani.

Aliamini kazi ya trompeti iko mbili: kutangulia na kubeba. Ku harusi trompeti inatangulia. Bibi-arusi bado iko mbali, ku kona ya njia, lakini mama mwenye kuchoma mihogo ameishasikia, ameishatoka na mikono yake yote mafuta. Ku kilio, trompeti inabeba. Pale hakuna mutu anapashwa kusema "huyu kijana anapiga muzuri". Mwalimu alikuwaka anatuambia:

"Mama akibeba mutoto ku mugongo, munaona nani? Munaona mutoto. Ku matanga, kilio ya wamama njo mutoto. Weye uko mugongo. Ukifunika kilio ya watu, umewaibia."

Kutufundisha ile kazi mbili, hakutumia karatasi. Alitumia Uvira. Mutu anajua vile tunakaa hapa: ziwa huku, mulima kule, na sisi katikati tumefinywa. Mazoezi ya harusi tulipiga tukiangalia ziwa. Mazoezi ya kilio alitugeuza, tukaangalia mulima. "Ziwa inachukua yote, haikuulize kitu," alisema. "Mulima inakurudishia. Piga kidogo, nyamaza, usikie ubaya yako ikirudi."

Minye nilipenda ziwa. Sisemi juu ya kujisifu. Nasema juu utaona kule ilinifikisha.

Alikuwa mutu wa masaa, na alichelewa kila siku. Repetisyo, mazoezi yetu, ni saa nane, anafika saa tisa, na anakasirikia mwenye alifika saa tisa na dakika tano. Alitukataza kutafuna karanga mbele ya kupiga, juu vipande vinaingia mu mabomba, lakini mufuko yake ya koti ilikuwa inalia kacha-kacha mu maombi. Mutoto wa tromboni akilalamika kama chombo yake ni mbaya, Mwalimu anaichukua, anapiga ile ile chombo mbaya, inalia mpaka mutu anataka kutubu, kisha anamurudishia bila neno. "Chombo haina kosa," anasema. "Ni mutu njo anageuka." Utazani mutu wa namna ile hawezi kusumbuka na shauri ya kuchagua trompeti. Ngoja.

Solo alichukia kabisa. Alisema solo ni kelele ya mutu anatafuta bibi. Lakini Mama Mwalimu, bibi yake, alikuwaka anauza ndagala, samaki ndogo ya ziwa, ku soko, na mizani yake ilikuwa ya kweli kuliko ya wote, naye hakuogopa kusema. Siku moja tulikuwa kwao tunakula, akatuambia: "Huyu muzee munayemuogopa, alinipigia solo mbele ya nyumba ya papa siku tatu, mangaribi mpaka chakula ya jioni. Siku ya tatu papa akasema: binti yangu, enda naye, tupate kupumzika."

Tukacheka mpaka ugali ikapoa. Mwalimu akaangalia sahani yake. Kisha Mama akamupiga ku bega na kijiko ya mbao, akasema, akiwa bado anacheka: "Ile ya kunioa ilikuwa kelele, nilikubali. Lakini ya kunisindikiza ku kaburi, uniletee ya chini. Usinifunikie dada zangu."

Mwalimu akamujibu, "Nani anakuambia utatangulia weye?"

Mama njo akatangulia. Alipata homa juma moja tu. Siku ya kumuzika, Mwalimu hakupiga. Alijaribu, midomo ilikuwa imevimba na kulia, haikufunga. Mutu hawezi kulia na kupiga siku moja, alitufundisha yeye mwenyewe. Tuliimba bila trompeti. Basi ilibakia siku moja tu: siku ya kutosha kilio, ya kuiondoa, wakati mwaka imetimia, ndugu wanakusanyika, wanamulilia marehemu mara ya mwisho, na kisha pale hakuna mutu anamulilia tena kwa sauti. Kwetu ile kilio ya mwisho haifanywe mara mbili. Ikishapita, imepita. Mwalimu alitaka kuibeba na trompeti, chini, vile bibi yake aliomba. Hakuwa na shauri ingine mu maisha yake ule mwaka.

Na trompeti yake ilikuwa mugonjwa. Pistoni ya katikati ilikuwa inashuka na haipande, anaipandisha na ukucha. Bomba ilikuwa imetoboka, ameifunga na mupira ya ndani ya piki-piki. Akipiga chini, upepo inatoka pale pembeni, fsss, sawa mutu anafukuza paka.

Mbele ya kuendelea niseme neno moja ya kazi yangu ya kinyozi, juu nayo inamuhusu Mwalimu.

Siku moja salo yangu ya kunyolea ilikuwa imejaa, nikaanza kumuiga. Nilifunga macho vile anafunga, nikavuta shavu ndani, nikapiga trompeti na mashine ya kunyolea. Mwalimu alikuwa amekosa jino moja ya mbele ku upande, akipiga note ya juu inatoa filimbi ndogo; minye nikatoa ile filimbi. Watu walilia machozi. Nikasema: "Akifikisha mapengo tatu, ananiachia nafasi ya kwanza. Ninamuhesabia, imebakia kidogo!" Kisha nikaona watu wameacha kucheka, mumoja mumoja, kuanzia ku mulango. Alikuwa amesimama pale, na koti yake.

Aliketi akangoja zamu yake. Watu watatu walinyolewa mbele yake. Alipofika ku kiti akaniambia, pole pole:

"Ulikosea shavu. Minye navuta ya kuume. Ya kushoto njo ina jino."

Nikamunyoa. Nikamukata kidogo nyuma ya sikio. Akatoka bila kunisengenya popote, na Jumamosi ile ile akanifundisha note ya juu yenye nilikuwa naiga.

Sasa ile shauri.

Kuko dada mumoja alikulia mu fanfari yetu, alikuwa anapiga ngoma ndogo, sasa anaishi Ulaya. Aliposikia Mama Mwalimu alikufa, akaandika kama atamutumia Mwalimu trompeti, tena si ya wanafunzi, ya watu wenye kufanya ile kazi kweli. Mwalimu hana telefoni ya mesaji, basi dada alikuwa anapitia kwangu. Siku moja akatuma odio, sauti yake. Alikuwa ndani ya magazini, duka ya vyombo vya muziki, unasikia watu wanajaribu vyombo nyuma yake. Nikaipeleka kwa Mwalimu, tukaketi ku mulango wake, nikaibonyeza.

"Mwalimu, jambo," dada alisema. "Kuko mbili, bei iko moja, rangi iko moja. Muuzaji anasema ya kwanza iko mwepesi. Chuma yake nyembamba, bomba yake ya ndani nyembamba, inajibu mbio, inalia wazi. Ni ya watu wa bendi, wa kupiga mbele ya wengine. Ya pili iko nzito. Chuma nene, bomba pana, inaomba pumzi mingi. Sauti yake iko mviringo, ya giza kidogo. Ni ya orkestra kubwa, ya watu wanapiga wakikaa. Nitume gani?"

Mwalimu akasema, "Bonyeza tena."

Nilibonyeza mara saba. Mara ya nane nikamuambia, "Mwalimu, sasa betri njo itachagua." Hakucheka. Akanituma nimuulize dada: ikipigwa chini kabisa, chini ya mutu anaongea, sauti inakatika ama inabakia? Juma ikapita. Jibu ikakuja: ya kwanza inapenda kusukumwa, ukiipiga chini sana inakuwa nyembamba, inaweza kukatika. Ya pili inabakia imejaa, lakini mutu awe na mudomo ya nguvu. Mwalimu akauliza tena: uzito yao ni kilo ngapi? Dada wa watu akarudi ku magazini, akatuandikia. Moja ilikuwa kilo moja na kitu kidogo. Ingine ilipita pale karibu robo.

Basi Mwalimu akatosha mizani ya bibi yake chini ya kitanda. Ilikuwa na magamba ya ndagala bado mu pembe. Akachukua mifuko mbili ya kitambaa, akapima muchanga: huu mufuko, trompeti ya kwanza, huu, trompeti ya pili. Akasimama katikati ya nyumba, akainua mufuko wa kwanza mbele ya uso vile mutu anainua trompeti, akaimba mu roho wimbo yote ya matanga, mashairi sita, mukono haishuke. Akapumzika. Akainua wa pili. Nilikuwa naketi pale na telefoni yangu, naona muzee anapigia muchanga. Ku shairi ya tano mukono ilianza kutetemeka. Akamaliza.

"Hii," akasema. "Inaniumiza, lakini hii. Ile mwepesi itakimbia mbele yangu. Mwambie dada: ya pili."

"Ya pili," nikasema.

"Andika nione."

Nikaandika mbele yake. Macho yake haione herufi ndogo, na alijua naweza kuandika kitu chochote. Akaweka mukono ku kichwa yangu, akasema, "Asante, mutoto wangu." Nikatoka. Nikafika ku kona, pale wanauza mafuta ya piki-piki, nikafuta ile "ya pili", nikaandika "ya kwanza". Nikatuma.

Nimetafuta sababu yenye inanipendeza, sijapata. Ukweli iko hivi. Kwanza, nilijua ile trompeti itakuwa yangu. Meno ilikuwa inamutoka, kila mutu alijua nani ni wa pili. Nilisema: yeye ataipiga miezi mingapi? Minye nitaipiga miaka. Na minye sitaki kupiga nikikaa, niko na harusi, niko na bendi ya vijana inaniita, nataka watu wageuke. Nilisema pia: chombo haina kosa, ni mutu njo anageuka. Nilimuibia mpaka neno yake nikaitumia.

Ilifika kupitia Bujumbura, ndani ya sanduku nyeusi na kitambaa laini sawa kitanda ya mutoto wa tajiri. Fanfari yote ilikuja kuangalia. Mwalimu akapangusa mikono ku suruali, akaiinua. Akabakia nayo pale hewani. Akaishusha, akaiinua tena.

"Iko mwepesi," akasema.

Mudomo yangu, ile ya iniversite, haikuchelewa:

"Mwalimu, ile uzito waliandika ilikuwa pamoja na sanduku! Kule wanapima vyote. Na weye mikono yako ilizoea ile ya zamani yenye mupira ya piki-piki."

Watu wakacheka. Na yeye akacheka, akaangalia mikono yake, akasema, "Basi mikono inazeeka mbele yangu."

Alitugeuzia mulima, akapiga chini. Tulisikia ile sauti ikienda na ikirudi, nyembamba, ya kung'aa, na pale katikati ikakatika. Akajaribu tena. Ikakatika. Akagusa midomo yake na kidole, hivi, sawa mutu anagusa jeraha. Minye nilikuwa ku mukono yake ya kushoto. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Bado kulibakia miezi mbili, labda dada angeweza kuibadirisha, ile trompeti ilikuwa bado mupya. Sikusema. Nilimuambia, "Utaizoea, Mwalimu."

Ile miezi mbili alifanya mazoezi kuliko sisi wote. Nikifungua salo asubui, namusikia kule nyuma ya kanisa: note moja, ndefu, inakatika, note moja, ndefu, inakatika. Wateja wakaniuliza, "Mwalimu wenu anafundisha nani, mwanafunzi mupya?" Nikawaambia ndiyo.

Siku ya kutosha kilio, dada za Mama Mwalimu walishuka kutoka Bijombo, kwao kule juu ya mulima, wanne, wamama wakubwa, vitambaa ku kichwa, miguu imejaa vumbi ya mulima. Uwanja ilikuwa imejaa. Mchungaji akaomba, akamaliza. Ule mukubwa wa wale dada akaanza kilio, yeye wa kwanza, na wengine watatu wakaingia chini yake. Sijui namna ya kuiandika. Haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa sawa mutu anaongea na mutu iko mbali kidogo na anaondoka.

Mwalimu akaingia.

Note ya kwanza ilikuwa chini, muzuri. Ya pili ikakatika. Akavuta pumzi, akasukuma kidogo juu ishike, na ile trompeti, vile ilitengenezwa, ikafurahi kusukumwa. Ikaruka. Ikalia wazi, juu ya vichwa yote, sawa harusi inatokea ku kona. Wale wamama wakanyamaza, wakageuka, wakamuangalia. Na katikati ya uwanja mutoto mumoja mudogo, wa miaka mitatu labda, aliposikia ile sauti akaanza kucheza, anatikisa kiuno, anacheka. Mama yake akamukamata na aibu.

Mwalimu akatosha trompeti ku mudomo. Tukangoja kilio irudi. Haikurudi. Ule dada mukubwa alifungua kinywa, akaifunga. Kisha akasema, bila kukasirika: "Basi. Imekwisha vile."

Mwalimu akageuka kwangu, akanipa ile trompeti mu mikono.

"Chukua. Nilichagua muzuri, lakini mudomo yangu imekufa."

Mbele ya watu wote nikaipokea. Nikasema, "Asante, Mwalimu." Njo neno nilisema.

Juma iliyofuata alienda Luberizi, kwa binti yake, kule mashamba ya muchele. Hakuaga fanfari. Minye nikawa wa kwanza. Nitasema na hii: ile trompeti ni tamu sana. Harusi zote za Kasenga waliniita, na bendi ya vijana wakaniandika ku bango yao. Nilipiga, watu waligeuka. Nilipata yote yenye nilitaka, na kila mara nikiinua nasikia ni mwepesi.

Mwezi wa sita, bendi yetu ikaitwa ku harusi Luberizi. Nilijua Mwalimu iko kule. Mu gari nilichekesha watu mpaka dereva aliniomba ninyamaze, asituangushe mu shimo. Tulipiga mchana yote. Jua ilipoanza kushuka, nikaona binti yake anakuja kati ya watu, na nyuma yake Mwalimu, bila koti, miguu na matope ya muchele. Alikonda. Alinishika mikono mbili.

"Kinyozi! Nilikuwa kule mu shamba nikasikia. Nikamuambia binti yangu: ule ni mutoto wangu."

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Njoo, kaa." Tukaketi ku ukuta mufupi, nyuma ya jiko ya harusi. Aliangalia trompeti ku magoti yangu lakini hakuigusa. "Nilisikia vizuri. Ile chombo nzito, minye ilinishinda. Weye unaiendesha sawa baiskeli. Nilikuwa nafikiri, labda chombo ilikuwa na kosa. Sasa nimesikia, haina kosa. Ilikuwa mudomo yangu. Imenipa amani kidogo, unajua? Mutu anataka kujua."

Nilitaka kusema neno ya kuchekesha. Ilikuwa iko pale, tayari, ku ulimi. Sikumbuke tena ilikuwa nini.

"Mwalimu," nikasema, "hii si ile nzito."

"Namna gani?"

"Hii ni ya kwanza. Ile mwepesi. Nilifuta ya pili, nikaandika ya kwanza. Nilitaka mwepesi juu ya harusi."

Kule mbele, wenzangu walikuwa wanarekebisha gitaa.

"Na ile neno ya uzito na sanduku?" Mwalimu akauliza.

"Nilidanganya."

Akainua mikono yake mbili, akaiangalia, ndani na nje. Kisha akashusha. Sikujua atafanya nini. Nilitaka anipige, ningefurahi. Akageuka, akaangalia muchele, akapangusa midomo na mukono ya shati, akaifunga. Akapuliza. Bila chombo, midomo tu, vile anafundisha mwanafunzi wa siku ya kwanza. Ilitoka sauti ya chini, nene, sawa nyuki mu ukuta. Nilingoja ikatike. Ilienda. Binti yake alikuwa anapita na sufuria, akasimama. Ilienda mpaka pumzi yake yote ikaisha, na haikukatika mahali hata moja.

"Iko muzima," akasema. Hakuwa anasema na minye. Kisha akanigeukia, na macho yake ilikuwa nyekundu.

"Miezi munane nililaumu mudomo yangu."

"Mwalimu, nisamehe. Chukua trompeti yako, ama nimuandikie dada, nimueleze yote, tutafute—"

"Wale dada za bibi yangu wanajua nini?"

Sikuelewa.

"Kule Bijombo," akasema. "Wale wamama wanne. Wanajua bwana ya ndugu yao aliharibu kilio yake. Walishuka na miguu, wakapanda kwao na ile neno. Weye utapanda. Utawaambia na kinywa yako."

"Nitawaambia nini, Mwalimu?"

"Vile umeniambia hapa." Akasimama, akachukua jembe yake ku ukuta. "Na usiwachekeshe."

Akarudi mu muchele. Wenzangu wakaniita, bibi-arusi alikuwa anatoka. Nilipiga. Niliangalia chini.

Sasa tuko mwezi wa kumi na moja, na Bijombo bado sijapanda. Trompeti iko ndani ya sanduku yake, chini ya meza ya salo. Nilimupelekea Mwalimu mara moja, binti yake akanirudisha nayo ku mulango. Kila mara mutu wa Bijombo anashuka soko na anakuja kwangu kunyoa, ninamufunga kitambaa ku shingo, ninawasha mashine, na ninamuuliza njia ya kule iko namna gani.

Wote wananijibu iko muzuri, watu wanapita.